Jina Lililomponyoka Mwalimu

Leona Kostka aliikubali kazi ile kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuikataa. Kukataa nako kunataka nguvu, jamani. Sharti uyatafute maneno, uyapange, umsikie mwenzako akinywea huko upande wa pili wa simu, kisha ulale na sauti yake masikioni. Lakini ndiyo ni neno moja tu. Ukishalisema unarudi kitandani.

Mwezi wa sita alikuwa amelimaliza darasa lake kule Minnesota. Katika shule za Waldorf, mwalimu akipokea darasa la kwanza hawaachi watoto mwaka ukiisha. Hupanda nao mpaka la nane. Anawapokea wakiwa mapengo, anawaaga wakiwa wamempita kimo. Leona alikwisha panda na kushuka hivyo mara tatu, na safari hii, watoto walipotawanyika, alikaa barazani kwake akajiona kama kitambaa cha kudekia kilichokamuliwa. Akasema, mwaka huu ni wa kulala.

Ndipo Desmond Aucoin alipopiga simu. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza baraza la walimu katika shule ndogo ya Wisconsin, katikati ya mashamba ya mahindi. Mwalimu wa darasa la kwanza waliyempata alikuwa amewatoroka shule ikikaribia kufunguliwa.

"Njoo mpaka Krismasi tu," Desmond alimsihi. "Mpaka hapo nitakuwa nimepata mtu."

"Na wazazi umewaambia ni mpaka Krismasi?"

"Wazazi niachie mimi, dada. Wewe njoo."

Leona akamwachia. Naye ndiyo hivyo, alikuwa amechoka.

Siku ya kumtambulisha ilikuwa Jumamosi, mapema Septemba. Alipofika mlangoni pa ukumbi alimkuta mwanamume mpana, kabeba kreti ya jibini, akimwangalia kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiye mimi. Leona."

"Corwin Haugen. Baba yake Tilda. Usinichukulie vibaya, mwalimu, lakini yule mwingine naye tulimpikia. Mke wangu alimfumia mpaka kofia. Alisimama pale pale mbele, akatuambia miaka minane, watu wakalia. Halafu akatuachia ujumbe kwenye simu."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Kofia alienda nayo." Akahamisha kreti begani. "Basi la shule ya serikali linapita mbele ya zizi langu kila asubuhi. Nikidanganywa tena, Jumatatu Tilda analipanda. Na majirani zangu wananitazama mimi. Nikitoka, wanatoka. Sasa sijui utafundisha viti."

Mkewe akamvuta shati kwa nyuma. "Corwin, mwache mama wa watu aingie kwanza!"

Leona akaingia. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi, na kwa hawa, unyasi wenyewe ulikuwa yeye.

Ukumbi ulijaa. Darasa la nane walijipanga ukutani, kila mmoja na waridi lake mkononi, wavulana wakiyashika kama wameshika samaki. Desmond akapanda jukwaani. Desmond alikuwa mtu mwema, ila akiona watu wengi ulimi humtangulia. Alimsifu Leona kwa hili, akamsifu kwa lile, kisha akanyanyua mikono:

"Huyu hapa, wapendwa, ndiye atakayewashika watoto wetu mkono mpaka darasa la nane!"

Watu wakapiga makofi, lakini makofi ya adabu tu. Corwin hakupiga. Leona aliyaona yale maneno yakitua juu ya watu. Alitaka kusema kitu. Lakini wazazi waliokaa pembeni na zeze zao walikwisha anza kupiga, na watoto walikwisha keti mapajani mwa mama zao wakingoja kuitwa, na mtu hawezi kuvunja sherehe ya watoto kwa sababu ya makosa ya watu wazima. Basi akasogea mbele kuwaita.

Kuita kwenyewe kuna desturi yake. Mwalimu hashiki karatasi. Majina ayajue kwa moyo, maana mtoto wa darasa la kwanza hasomwi, huitwa. Akiitwa anashuka pajani, anapewa waridi na mkubwa wa la nane, anampa mwalimu mkono, anaketi kwenye benchi la darasa lake. Juma zima Leona alikuwa akitazama picha zao huku akioka mkate na huku akipiga mswaki.

Wakaja vizuri, mmoja mmoja. Wa kwanza alikwenda mbio akaangusha waridi. Mwingine alimpa mwalimu mkono wa kushoto, akakumbuka, akampa na wa kulia. Akabaki mmoja, msichana mwembamba, mikono kaificha kwapani, pengo mbele. Leona akamtazama, akafungua kinywa.

"Anselm," akaita.

Yule mtoto hakutikisika pajani mwa baba yake.

"Anselm ni nani?" akauliza kwa sauti.

Leona akamwinamia. "Ni mtoto wangu. Wa darasa nililolimaliza. Naye alikuwa anaficha mikono hivyo hivyo."

"Mvulana?"

"Mvulana."

"Mimi siyo mvulana."

Watu wakacheka, na Leona akacheka pamoja nao, ila chozi lilikwisha mtoka na hakuwa na leso. Miaka minane kila asubuhi jina lile lilitoka kinywani mwake. Kichwa kilijua limekwisha. Kinywa hakikuwa na habari.

"Nisamehe," akasema. "Tilda. Tilda Haugen."

Tilda akafikiri kidogo, kisha akashuka.

Baadaye, nje, kwenye meza za chakula, mambo yalikuwa yamegeuka. Mama mmoja alimkumbatia bila kumwambia jina lake. Mwingine alimjazia sahani wali wa mpunga wa porini na saladi ya viazi, akamnong'oneza, "Wangu mkubwa yuko la tatu, anafuma soksi kama bibi kizee lakini kusoma ndiyo kwanza anabahatisha. Nitakuja tuongee." Na Corwin mwenyewe akaja na kipande cha jibini kwenye kisu.

"Nimekuelewa sasa," akasema. "Mtu asiyekaa hakosei jina namna ile. Wewe ni wa kukaa. Nimewaambia na majirani."

Leona alikishika kile kipande cha jibini. Angeweza kukila akanyamaza. Angalau Jumatatu darasa lingejaa. Lakini kuubeba uongo wa Desmond mpaka Krismasi, kila asubuhi, kwa kila mzazi, huo nao ni mzigo, na mgongo wake ulikuwa umefika mwisho.

"Corwin," akasema. "Mimi nimeajiriwa mpaka Krismasi tu."

Hakusema kwa sauti kubwa, ila meza yote ilisikia. Kijiko kikatua. Desmond, aliyekuwa akikata pai ya tufaha, akabaki na kisu hewani.

"Nimechoka," Leona akaendelea. "Si watoto niliowachoka. Nimechoka mimi. Miaka minane siwezi kuwaahidi, na ilinipasa niseme kule ndani. Mpaka Krismasi nitawafundisha kwa haki. Hilo ninaweza."

Corwin alimgeukia Desmond.

"Desmond. Wewe ni mwongo, bwana."

"Niliogopa mtaondoka wote."

"Ungeogopa kudanganya." Akafuta kisu kwenye suruali. Mkewe akamwangalia, majirani wakamwangalia. "Huyu mama ndiye mtu wa kwanza wa shule hii kutuambia ukweli. Tilda anabaki. Mpaka Krismasi. Na wewe uanze kutafuta mwalimu Jumatatu, siyo mkesha wa sikukuu."

Watu wakapumua. Mtu akaomba chumvi.

Leona akala. Alikuwa amejiandaa kubembelezwa abaki, na maneno ya kukataa safari hii alikwisha yapanga. Hakuna aliyembembeleza. Walimwachia uchovu wake kama ulivyo, na jambo hilo lilimpumzisha, na kidogo, asiseme uongo, likamchoma.

Nyasini watoto walikuwa wakipigana kwa mawaridi. Mmoja mwenye soksi nyekundu alikuwa akiwasukuma wenzake, kisha anakimbilia nyuma ya Tilda.

"Yule wa soksi nyekundu," Leona akamwambia Desmond, mdomo umejaa viazi. "Jumatatu asikae nyuma. Mwekee kiti karibu yangu."

Desmond akaitikia haraka haraka, akaenda kutafuta kiti.