Figo Langu Laitwa Mgeni

Mtaani wananiita Redio, na sibishi. Saluni yangu ni sebule yangu: viti vitatu, kioo kimoja na mdomo wangu. Mteja akikaa kusukwa, anainuka anajua nani kaachika na nani karudiwa. Nyumba ikiwa kimya, mimi kichwa kinaniuma.

Kwa hiyo nilipomtolea mdogo wangu figo moja, msidhani nilitoa kimyakimya. Mpaka muuza mkaa alioneshwa mshono.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikaa na sisi kutupa masharti. Mimi nilikuwa nimegeukia kitanda cha pili, namsimulia mgonjwa wa watu jinsi nilivyo shujaa. Nilichodaka ni maneno matatu: "Kinga itakuwa chini." Basi, kitu kikiwa chini si kinapandishwa? Nikaona nimeelewa somo zima.

Tulipofika nyumbani nikatangaza kwa wateja. Kila mmoja alikuja na chake: mizizi, unga wa majani, na chupa kutoka kwa Mama Dawa, ambaye anatibu kila kitu isipokuwa kikohozi chake mwenyewe. Nikasaga vyote, nikajaza jagi, nikampelekea mdogo wangu chumbani. Wateja nyuma yangu, Mama Dawa akiwemo, mlango umejaa vichwa.

Akapiga mafunda mawili, akakunja uso. "Dada, hiki nini?"

"Cha kupandisha kinga. Maliza."

Akatema la tatu kwenye shuka. "Unataka kuniua?"

"Mimi? Niliyekupa figo?"

"Ndiyo, na sasa unatuma watu walivunje! Kinga ni askari, dada. Wanazunguka mwilini wanakagua kila kitu. Wakikuta mdudu hana alama za mwenye nyumba, wanamla, na wengine wanabaki wanaikumbuka sura yake, akirudi wamvae mapema. Sasa figo lako lina alama zako. Kwao ni mgeni."

Hapo nilikasirika kweli. "Figo langu mgeni? Tumbo moja, ziwa moja, hata hiyo pua ni yangu!"

"Askari hawaangalii pua! Alama zinakaribiana, lakini si zote zinazolingana. Vidonge ninavyomeza vinawalegeza wasilishambulie. Wewe unakuja na jagi kuwaamsha."

Mlangoni Mama Dawa akakohoa. Mdogo wangu akavuta shuka mpaka puani.

"Na wakilegea, dada, hata kikohozi cha huyo hakuna wa kukizuia. Daktari alisema. Ulikuwa wapi?"

Mteja mmoja, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akanijibia: "Alikuwa hewani."

Nikampigia nesi wa hospitali. Nikasoma tu majina ya vitu vilivyomo kwenye jagi, na sikuvijua vyote. Nesi akasema asinywe hata tone tena, vidonge asiache, na kesho asubuhi aje apimwe damu, jagi lije naye.

Asubuhi ile kwenye benchi la maabara pembeni yangu alikaa mama aliyekuwa anajisemesha mwenyewe akitafuta wa kumsikiliza. Mimi nilikuwa nawaza askari wa watu wanalizunguka figo langu, wanaliuliza limetokea wapi, nalo halina hata mdomo wa kujitetea. Limechukua nini kwangu, basi?

Daktari alisoma majibu mara mbili. "Linafanya kazi. Vipimo tutarudia. Hilo jagi limwage mbali na watu."

Siku hiyohiyo nikatoa viti vitatu na kioo, nikavipanga barazani chini ya bati, nikamwachia msaidizi wangu. Mlango nikaufunga. Nikanawa mikono, nikavaa barakoa, nikaingia kumpikia mgonjwa.

Kelele za barazani zilipenya dirishani. Mama Dawa alikuwa anasimulia: eti Redio alitaka kulidai figo lake, ndiyo maana akamtilia mdogo wake kitu. Na anasimulia vibaya! Ameruka sehemu ya shuka, jagi amelifanya ndoo.

Mkono wangu ukafika kwenye komeo la dirisha.

"Dada," mdogo wangu akaita kutoka kitandani, anacheka mpaka ameshika mshono. "Usithubutu."

"Lakini anaharibu hadithi!"

"Aharibu."

Nikaurudisha mkono kwenye mwiko. Nje wakaangua kicheko, na mimi sikusikia walichekea nini.