Kunywa Maji

Gari la Mzee lilikuwa limefikia umri wa kuamkiwa shikamoo. Boneti lilishapauka, na kiti cha dereva kilishachukua umbo la mgongo wa mwenyewe. Kila asubuhi, binti yake, Mama Kidoti, alipozungusha ufunguo, lilianza na kikohozi, puh, puh, likatetemeka mwili mzima kama lina homa, likatema moshi mweupe nyuma. Silinda nne, lakini lilitembea kwa miguu mitatu.

"Linamisi," Fundi Sikio alimwambia siku ya kwanza alipolipeleka gereji.

"Linammisi nani?" aliuliza Mama Kidoti, nusu mzaha, nusu uchovu wa mama ambaye mwanawe anaota meno.

"Linamisi plagi mpya, dada."

Plagi zikabadilishwa. Alasiri ile gari likanguruma kama paka aliyeshiba. Kesho yake asubuhi, puh, puh. Zikafuata waya za plagi, ikafuata koili. Mchezo ukawa ule ule: mchana linapona, asubuhi linaugua. Fundi alipewa jina la Sikio kwa sababu husikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua, lakini gari hili lilifika kwake mchana tu, likiwa moto, likamdanganya.

Mama Kidoti hakuwa na namna. Asubuhi ilikuwa ya kliniki. Tangu kiharusi kimpate baba yake, mkono wa kulia ulilala na maneno yakatawanyika. Sasa yalikuwa yanarudi moja moja, kama kuku jioni, mengine yakipotea njia. Mtaalamu wa mazoezi alisema wasikose hata mara moja, kwani kisichorudi mapema huenda kisirudi tena. Na Mzee asingeweza kupanda basi. Gari lile ndilo lililokuwa miguu yake.

Kaka mtu, aliyeishi mbali na kufika Jumamosi tu, aliliona kwa jicho jingine.

"Mkweche huo!" alisema kwenye simu. "Utakuzimikia njia panda, wewe na Baba na mtoto ndani. Jumamosi nakuja na kamba, nalivuta kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

"Na mazoezi ya Baba?"

"Tutaona."

Mama Kidoti aliijua hiyo "tutaona". Maana yake hapana.

Ijumaa, walipotoka kliniki, akapitia gereji mara ya mwisho. Mzee alikaa kiti cha mbele, mlango wazi. Kidoti alikuwa mgongoni, analilia ufizi. Fundi Sikio aliinama chini ya boneti, akachomoa hiki, akarudisha kile, akaguna.

"Kunywa maji," Mzee akasema.

Mama Kidoti akamwekea chupa mdomoni. Mzee akafumba midomo.

"Kunywa maji."

"Haya basi, Baba, kunywa."

"Kunywa! Maji!" Akaipiga chupa kwa mkono mzima, maji yakammwagikia binti na mjukuu. Kidoti akapiga yowe.

"Baba jamani! Si wewe unayetaka?" Alikaa juu ya tairi kuukuu, shati limelowa, akamtikisa mtoto bila kumtazama mtu. Hata kulia kulihitaji nguvu, na yeye nguvu hakuwa nazo.

"Mzee amechoshwa na joto tu," fundi akasema.

Lakini Mzee alikuwa ameinua kidevu, anakielekeza kwenye boneti. Akakielekeza tena, taratibu, kama mwalimu aliyechoka na darasa. Fundi Sikio akanyanyuka, spana mkononi.

"Dada, rejeta unaiongeza maji?"

"Kila asubuhi. Baba alinifundisha tangu msichana: usiwashe gari kabla hujatazama maji."

"Alisema utazame au uongeze?"

Mama Kidoti akaligeukia boneti.

"Yanapungua sana?"

"Kama kikombe hivi. Nilidhani ndivyo lilivyo, kama mtoto na ziwa la mama. Najaza, tunaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Fundi akajipiga paji la uso, akaacha alama ya grisi. "Na mimi ndiye wanayeniita Sikio! Mzee anatuambia gari linakunywa maji, sisi tunamnywesha yeye!"

Aliwaeleza huku akifuta mikono. Usiku, injini ikipoa, maji hupenya kidogo kidogo kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, yakaingia silinda moja. Asubuhi plagi ya hapo imelowa, haichomi. Injini ikipata moto, chuma hutanuka, upenyo hujibana, na ugonjwa hujificha.

"Liache lilale hapa. Kesho nitalikamata likiwa baridi."

Jumamosi kaka alifika na kamba yake, akawapakia wote hadi gereji. Fundi alikuwa ameshapanga plagi nne juu ya gazeti. Tatu zilikuwa za rangi ya udongo, kavu. Ya nne ilikuwa nyeupe, imeoshwa, bado inatona.

"Gasketi mpya, na hedi isawazishwe. Ni kazi, lakini injini yenyewe nzima," alisema. "Hili si la kukatwa, kaka."

"Nani aligundua?"

Fundi akamwonyesha Mzee kwa spana.

Kaka akachutama mbele ya baba yake. Mzee alimtazama, midomo ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena.

"Li," Mzee akasema. "Li... na... kunywa. Maji."

Silabi mbili ndogo tu, lakini jana hazikuwepo. Kaka akainamisha kichwa, akaikunja kamba taratibu, akairudisha garini mwake.

"Wa chuma chakavu nitampigia asinisubiri," alisema. "Likiwa mezani kwa fundi, mimi nitampeleka Baba kliniki. Nitaomba ruhusa kazini."

Mama Kidoti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo lakini mabega bado hayajaamini.

"Maji," Mzee akasema.

Fundi, kaka na binti wakakimbilia rejeta kwa pamoja.

Mzee akatikisa kichwa. Akainua mkono mzima, akagusa midomo yake mwenyewe iliyokauka.