Mkono wa Kushoto wa Kinyozi

Umewahi kuona mkono ukijengwa kama ukuta? Mimi nimeuona. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya ile mashine mpaka mgongo ukaniuma.

Mashine ni ya mjukuu wangu. Tunamwita Chiriku, kwa sababu akianza kusema hata kuku huacha kudonoa wakamsikiliza. Ni fundi kwenye karakana ya viungo vya bandia, na hiyo mashine ndogo aliileta nyumbani akaiweka chumba cha uani, juu ya meza ya kupigia pasi. Ina gurudumu la uzi wa plastiki, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Uzi unaingia kwenye ncha ya moto, unayeyuka, na ncha inakwenda na kurudi ikilaza mstari juu ya mstari, taratibu, kama mtu anayepamba keki ya harusi isiyo na tarehe.

Mkono ulikuwa wa babu yake, yaani mume wangu. Ni kinyozi. Ukanda wa mashine ya kusaga nafaka ulimkata vidole vya kushoto vyote, ukamwachia dole gumba tu. Tangu hapo kibanda chake kimefungwa, naye anashinda barazani kama mfiwa. Ukimuuliza, "Mzee, vipi?" anajibu, "Salama." Salama gani ile?

Mkono wa kwanza ulitoka mzuri, laini, hata kucha zilionekana. Chiriku akamfunga mikanda yake.

"Haya mchumba wangu, beba ndoo nikuone."

Babu akabeba. Hatua chache tu, ka! Vidole viwili chini, maji yote miguuni kwangu. Vilikuwa vimeachana sawasawa, kama vipande vya mkate uliokatwa dukani.

Chiriku akaviokota, akavigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kosa langu, Bibi. Nilivijenga vimesimama wima ili vitoke laini, nisihangaike kuvikwangua. Sasa tabaka la chini limeshapoa, la juu ndiyo kwanza linafika. Yameegemeana tu, hayajashikana. Ndoo imevuta palepale kwenye maungio."

"Kama kukandika ukuta wakati udongo wa jana umeshakauka," nikasema.

"Umeona, mke mwenzangu! Plastiki ni ileile. Namna ya kuilaza ndiyo inayoipa nguvu au kuinyima."

Mara ya pili akavilaza vidole ubavu, mistari ikapita kwa urefu wake kama nyuzi za muwa. Ncha akaizidishia moto, mwendo akaupunguza. Ndani akajaza plastiki tupu, hakuacha hata tundu la sisimizi. Mashine akaifunika kwa boksi, na mimi akanikataza kufungua mlango. "Upepo, Bibi! Ikipoa vibaya itajikunja!" Nikawa napitisha chai dirishani kama namlisha mfungwa.

Mkono huo, loo! Ulibeba ndoo, ukabeba gunia la unga, na ukigonga meza unasikia ko, ko, ko.

"Ahsante, mama," Babu akasema. Akauvua, akauweka juu ya kabati. Kesho yake hakuugusa. Keshokutwa vilevile.

Chiriku akanyong'onyea. "Haupendi, Bibi. Labda anaogopa utavunjika tena. Nitauongeza unene."

Akawasha mashine, akaanza mwingine.

Mchana ule nilikuwa nimekaa uani nachambua maharage. Nikahisi kitu kigumu kwenye paji la uso, kinanisukuma kichwa kuelekea begani. Kikakaza.

"Uwii! Jamani, unaninyoa au unanikamua?"

Nikageuka. Babu amesimama nyuma yangu, kavaa ule mkono. Mkono wake wa kulia uko hewani karibu na sikio langu, vidole vimekunjwa kama vimeshika mashine ya kunyolea, na havijashika kitu. Akaushusha haraka.

Chiriku akatoka na koleo mkononi. Akatazama kichwa changu, akamtazama babu yake. Akanisogelea, akashika kile kidole cha plastiki akakibonyeza kwenye shavu lake mwenyewe, akakunja uso.

"Kigumu kama jiwe," akasema. "Na sikulazimika kukifanya hivi. Ningeweza kuacha ndani wazi kama sega la nyuki, kikanepa kidogo. Ncha za vidole ningezijenga kwa uzi mwingine, laini kama ndala. Lakini mimi nimekupimia ndoo, Babu, wala sikukuuliza. Ulitaka mkono wa nini?"

Kisha akanyamaza. Chiriku, akanyamaza! Tukasikia mashine tu huko chumbani.

"Umehangaika sana," Babu akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo."

"Nivunje tu, mchumba. Nitajijenga tena, nikiwa nimelala ubavu."

Nilicheka mimi. Babu akajaribu kucheka, ikamshinda, akapangusa macho kwa dole gumba lake.

"Ndoo hata jirani atanibebea," akasema. "Wa kulia unakata nywele, lakini wa kushoto ndio unaomwambia mteja inama, geuka, tulia, usiogope. Nataka mkono wa kushika kichwa cha mtoto asilie. Nataka kunyoa, mjukuu wangu. Nataka kufungua kibanda changu."