Ushahidi wa Maporomoko

Mpiga picha za pasipoti aliazima gari la kaka yake ili aipeleke familia kwenye maporomoko ya maji. Mwenye haja hasa alikuwa mkewe, kwani dada yake alikuwa ametangaza kwa ukoo mzima kwamba watoto wao watatu hawajawahi kuvuka stendi ya mjini. Safari ikawa ya bei nafuu. Walikula viazi vya kuchemsha walivyotoka navyo nyumbani, na kila mtoto alipotapika, baba alisema hiyo nayo ni kumbukumbu, tena ya bure.

Walipofika, watoto walirukaruka kwa furaha. Baba akatoa kamera, akawasogelea, na mazoea ya studio yakamrudia.

"Tulieni. Kidevu juu. Masikio yaonekane. Wewe, funga mdomo."

"Baba, tucheke?"

"Nani kakwambia ucheke?"

"Baba watoto, hayo maji lakini yanaingia pichani?" aliuliza mama, naye amesimama wima kama wanawe.

"Kati yangu na wewe, nani fundi?"

Jumapili iliyofuata, mama alimkabidhi dada yake picha, akisubiri kuombwa radhi. Dada alizipitia moja moja. Nyuso nne zimenuna, masikio yote yanaonekana, na nyuma yao hakuna kitu ila povu, jeupe kama shuka la studio.

"Hongereni, zimetoka safi," alisema dada. "Sasa mkishapata hizo pasipoti, mnasafiri kwenda wapi?"