Alama za Mkiani

...na bado anakoroga, anakoroga utadhani kijiko ndicho chenye dawa, huyu kaka yake mkubwa asiyewahi kukoroga hata chai yake mwenyewe, leo kajitupia taulo la mama begani pembeni ya kitanda cha hospitali, maji ya majani yanafuka kikombeni, harufu ile ile ya maabara iliyomkaa puani miezi minne, "ngoja kipoe, mama, usijiunguze," anasema, na utamu wa sauti yake unamkera kuliko tusi, alikuwa wapi mama alipotapika hadi nyongo baada ya dripu ya kwanza, simu haipatikani, leo kaja mbio na chupa ya chai kwa sababu kamsikia Profesa wa maabara redioni, Profesa! eti panya wangu, eti niligundua kwamba majani haya yanalinda figo, mtu ambaye akiingia chumba cha panya anaziba pua kwa tai, si Profesa, ni yeye, binti wa mama huyu, aliyewanywesha majani kwa bomba kila asubuhi, ni yeye aliyewachoma ile dawa ya saratani inayotafuna figo, hiyo hiyo anayotundikiwa mama, panya wa dawa tupu mstari mmoja wa wino mkiani, wa dawa na majani mistari miwili, na wino unafutika, kila Jumatatu lazima uchore upya... "Mdogo wangu ndiye mwenye kazi hii," kaka anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "sisi tulikuwa tunamwita Mama Panya, tunamcheka, kumbe!" kumbe nini, miaka tisa ya kumwambia anawe mikono mara mbili kabla ya kula, leo kumbe, na aibu iliyoje, moyo umefurahi, umefurahi kwelikweli, mjinga huu moyo.

"Muuguzi kasema asinywe kitu bila daktari kujua," anasema, sauti imetoka ndogo, "daktari ana lipi, na kitu kimetoka maabara yenu wenyewe?" kaka anajibu huku anapuliza kikombe, mpuuzi, si kasikia vipimo vya juzi, figo zimeanza kuchoka, zikichoka zaidi dripu inasimamishwa, na dripu ikisimama... asiifikirie, Jumatatu ile hakuchora, alikuwa hapa, kwenye benchi la nje, anamsubiri mama, basi kosa ni la kaka, angekuja yeye kumsubiri, Jumatano akasafisha vizimba, akawatia panya wote kwenye beseni moja kama siku zote, alama si zipo, akainua mkia wa kwanza, mtupu, wa pili, mtupu, panya kumi na wawili mikia mitupu, angemwambia Profesa, angefukuzwa, hapana, usijidanganye, Profesa angeguna tu na kazi ingeanza upya, ila kaka angecheka, kwa hiyo akawagawa kwa macho, waliojikunyata akawarudisha kwenye dawa tupu, wenye manyoya ya kung'aa kwenye majani, kwa kuwa aliyaamini majani, aliyataka, kwa ajili ya mama, akachora mistari upya, damu ilipopimwa wazima wakaonekana wazima, Profesa akapiga makofi, wazima wakaonekana wazima! na hakuna ajuaye mpaka leo kama majani yale yanalinda figo au yanazimaliza.

"Mwanangu," mama anasema, hamtazami kaka, "huyu mdomo anao tangu utotoni. Wewe ndiye unayewajua hao panya. Ninywe?"

...na kaka anatabasamu, anamtazama mdogo wake kwa fahari, kwa mara ya kwanza maishani, na chuki aliyokuwa anaigawa tangu asubuhi, kwa Profesa, kwa kaka, kwa muuguzi mwenye viatu vya kelele, imezunguka wodi nzima ikakosa pa kukaa, ikarudi kwake, ikajaa, kwa sababu ya kuogopa kuchekwa, hilo tu, kuchekwa, anaiona tayari sura ya kaka itakavyobadilika, Mama Panya, na acheke, na acheke mpaka apaliwe, anatafuta neno la kwanza, si samahani, samahani itakuja baadaye, neno la kwanza ni usinywe, liko pale, nyuma ya meno, kikombe bado kinafuka, kaka bado anapuliza, na mama bado anamsubiri yeye.