Swali la Wifi

Deodata mwenyewe ndiye aliyemshawishi wifi yake wajiunge na chuo. Baadaye, mambo yalipoharibika, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Walikuwa walimu wa shule ya msingi pale Runazi, wilayani Biharamulo, na waliishi ndani ya ua mmoja. Deodata, ambaye hakuwa ameolewa, alikaa na mama yake, Bi Yuster. Ng'ambo ya ua ilikuwa nyumba ya kaka yake, Ansbert, na mkewe Speciosa, binti wa Kihangaza aliyeletwa kutoka Ngara. Ansbert alikuwa dereva wa lori, leo yuko Kahama, kesho Mwanza, hivyo mara nyingi wanawake hao watatu walipika chungu kimoja.

Chuo kilitangaza masomo ya masafa kwa walimu waliotaka kupanda daraja wafundishe sayansi sekondari. Kozi ya kwanza ilikuwa kemia. Deodata aliposikia neno hilo moyo ulimruka. Utotoni alikuwa ndiye msomi wa familia, mtoto aliyepelekwa bweni Bukoba, ambaye mama yake alimtaja kila penye watu: "Daktari wangu." Kidato cha sita kemia ikamwangusha. Udaktari ukaishia hapo, akaenda ualimu. Sasa aliona mlango umefunguka tena, ila aliogopa kuuingia peke yake.

"Wifi, tusome wote," alimwambia Speciosa siku moja wakimenya mihogo.

"Mimi na kemia?" Speciosa alicheka. "Shule yetu haikuwa hata na maabara. Mwalimu alikuwa anatuchorea chupa ubaoni."

"Nitakufundisha."

Na kweli alimfundisha, mwanzoni. Speciosa alikuwa na kitochi tu, simu ndogo isiyo na intaneti, kwa hiyo masomo yote yaliingia kwenye simu ya Deodata. Jioni waliketi jikoni wakasikiliza sauti ya mwalimu wao, Frednand, ambaye hawakuwahi kumwona uso. Deodata alisimamisha sauti kila mara na kueleza: atomu ni hivi, moli ni vile. Speciosa alinakili, akatikisa kichwa, akauliza. Deodata alipenda maswali yale. Yalimrudisha kwenye ile nafasi yake ya zamani.

Kisha likaja swali moja. Speciosa aliomba simu, akarekodi ujumbe kwa mwalimu: kama asidi mbili zina kiasi kilekile ndani ya maji, kwa nini moja inaunguza na nyingine tunaitia kwenye kachumbari? Kesho yake Mwalimu Frednand akajibu mbele ya kundi zima. "Sikilizeni swali la Speciosa," alisema. "Hili ni swali la mtu anayefikiri." Akatumia somo zima kulijibu.

Deodata alilisikiliza somo lile akiwa ameishika simu yake mwenyewe mkononi, na kila jina la Speciosa lilipotajwa aliona kama anabeba mzigo wa mtu mwingine. Swali lile lilikuwa dogo. Hata yeye angeweza kuliuliza. Mbona hakuliuliza?

Matokeo ya jaribio la kwanza yalipotoka, Speciosa alikuwa juu yake. La pili, juu zaidi. Deodata akaanza kuwa na haraka jikoni. Aliisimamisha sauti mara chache, na Speciosa alipouliza alimjibu, "Si umesikia?" Aliona namna wifi yake alivyoshika kalamu, akachukia. Aliona namna alivyochekelea akipata jibu, akachukia zaidi. Halafu alijichukia mwenyewe, maana Speciosa hakuwa na makuu. Angekuwa na makuu ingekuwa nafuu.

Ila mzizi wa maumivu ulikuwa Bi Yuster. Siku moja wanajumuiya walikuja kusali nyumbani, na baada ya sala mama akawaambia, "Mkwe wangu huyu mnamwona? Anahesabu vitu visivyoonekana kwa macho! Deodata ndiye aliyeanza, lakini mwenye kichwa ni Speciosa."

Wageni walicheka kwa wema. Deodata naye alicheka, akainuka kwenda kuangalia ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Wiki hiyohiyo ujumbe ukaingia. Mafunzo kwa vitendo, yaliyopangwa mwisho wa mwezi katika maabara ya sekondari moja mjini Ngara, yalikuwa yamewahishwa. Wanafunzi wa Biharamulo wafike Jumamosi hii. Asiyefika atasubiri mwaka ujao. Deodata aliusoma ofisini kwa walimu. Kupitia dirishani alimsikia Speciosa akiimbisha darasa la tatu jedwali la kuzidisha. Alijisemea atamwambia saa ya chai. Saa ya chai ikapita. Akasema jioni. Jioni Speciosa alimuuliza, "Wifi, chuoni kuna jipya?"

"Hakuna," alijibu Deodata, na neno likatoka laini kabisa, kama la kweli.

Ijumaa aliaga kwamba kesho anakwenda Biharamulo mjini kumwona rafiki mgonjwa. Kulipokucha akapanda gari la Ngara. Njiani, gari likipanda vilima na baridi ikiingia dirishani, alijaribu kufurahi. Leo hakutakuwa na swali la Speciosa. Leo atakuwa Deodata, aliyewahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, huko Bukoba wakati wengine wanachorewa ubaoni.

Mwalimu Frednand alikuwa mwanaume mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Aliita majina, na alipofika kwa Speciosa akainua macho.

"Speciosa Niyonsaba yuko wapi? Nilitaka sana kumwona."

"Ni wifi yangu," Deodata alijikuta akisema. "Ana homa."

"Masikini! Mwanafunzi kama yule asipoteze mwaka." Mwalimu alikuwa amevaa glovu zenye majimaji, kwa hiyo aliiweka simu mezani, akabonyeza namba ya Speciosa iliyokuwa kwenye orodha kwa kidole kimoja na kuwasha spika. Deodata alitamani kuizima kwa mikono yake miwili. Simu iliita. Ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya Speciosa kulisikika kuku, na fimbo zikipiga maharage.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Pole na homa, Speciosa. Wifi yako ametuambia. Tuko kwenye vitendo hapa Ngara, tumekukosa."

Fimbo ziliendelea kupiga, kisha zikakoma. Deodata aliangalia sakafu ya saruji.

"Asante mwalimu," sauti ikasema hatimaye, taratibu. "Homa imenishika ghafla. Nisamehe, sikukutaarifu."

"Hakuna shida. Njoo Jumamosi ijayo na kundi la Karagwe."

Simu ilikatika. Deodata alirudi kwenye bureti yake. Kazi ilikuwa kudondosha besi ndani ya asidi, tone kwa tone, mpaka maji yashike rangi ya waridi hafifu na kubaki nayo. Kila alipojaribu alifungua mno, na chupa nzima ikawa nyekundu kama mvinyo wa misa. Mwalimu alipopita alisikitika. "Hapana, Deodata. Vipimo hivi sivipokei. Na wewe rudi Jumamosi ijayo."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Speciosa alikuwa uani akipepeta maharage, na hakuinua kichwa.

"Rafiki yako hajambo?" aliuliza.

"Wifi..."

"Usidhani nilikuokoa wewe. Ningesema kweli, darasa zima lingejua nyumba niliyoolewa ina watu gani. Jina la nyumba hii ni langu pia." Akaweka ungo chini. Sasa alimtazama, na macho yalikuwa mekundu. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nimekukosea nini?"

Deodata alitafuta kosa. Alikuwa amelitafuta kwa miezi. "Hujanikosea," alisema. "Ndiyo maana inaniuma."

"Sijaelewa."

"Nina wivu! Unataka niseme vipi? Hiki kilikuwa changu. Nilikuita uje unishike mkono, ukapita mbele. Hata mama sasa ni wako."

Hawakumwona Bi Yuster akitoka jikoni. Alisimama pale na mwiko mkononi, akauliza kulikoni, na Deodata mwenyewe akamweleza yote, ujumbe, rafiki mgonjwa wa uongo, na homa ya uongo. Alipomaliza, mama yake aliketi kwenye kinu kilicholazwa kama mtu aliyechoka ghafla.

"Deodata," alisema, "wewe nimekusifu tangu hujaota meno. Umefaulu, nimekusifu. Umeanguka, nimekusifu vilevile, watu wakanicheka. Huyu mama yake amezikwa Ngara. Akipata, nani amsifu? Mumewe yuko barabarani. Nikasema basi, nitamsifu mimi. Sikujua kwamba nikimpakulia yeye, wewe unabaki na njaa."

Deodata alilia. Speciosa hakulia wala hakumbembeleza. Alisema tu, "Kuanzia leo ujumbe wa chuo nitausoma mwenyewe, kwa macho yangu." Akaokota ungo, akaingia ndani.

Walisafiri pamoja Jumamosi iliyofuata, na tangu Runazi mpaka Ngara Speciosa hakusema neno zaidi ya "Sogea kidogo." Katika maabara vifaa vilikuwa vichache, na Mwalimu Frednand, asiyejua lolote, akawaweka mawifi hao kwenye meza moja.

Hapo Deodata akaona kitu ambacho hakukitegemea. Speciosa, aliyehesabu vitu visivyoonekana, alikuwa anaogopa kile kinachoonekana. Hakujua bomba la bureti linafunguliwa upande gani. Alishika kioo kana kwamba ni yai la mtu mwingine. Alijaribu mara ya kwanza, akamwaga. Mara ya pili, rangi ikapita. Mwalimu alikuwa meza ya mbali. Jasho lilimtoka Speciosa.

Deodata alisikia furaha ikimpanda, tamu na chafu. Angeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua, na safari hii isingekuwa hata uongo. Aliiacha furaha ile imkae kwa muda, akiionja. Kisha akaona kwamba Speciosa anamtazama, na kwamba anajua. Hakuomba msaada. Alikuwa anasubiri kuona wifi yake ni mtu gani.

"Mkono wa kushoto kwenye bomba," Deodata alisema. "Wa kulia uzungushe chupa. Usiangalie bureti, angalia maji. Ukiona waridi inatokea na kupotea, umekaribia. Hapo punguza mpaka tone liogope kuanguka."

Speciosa alifuata. Waridi ikaja, ikapotea, ikaja. Tone moja lilining'inia, likaanguka, na maji yakabaki na rangi nyepesi kama ukucha wa mtoto.

"Funga!" alisema Deodata, na Speciosa akafunga.

"Kumbe unajua kufundisha," Speciosa alisema bila kumtazama. Ndilo neno la kwanza refu alilompa wiki nzima.

Matokeo ya kozi yalitoka mvua zilipoanza. Wote walifaulu. Deodata alipata alama nzuri, kemia ile iliyomwangusha safari hii ikampitisha. Speciosa alipata nzuri zaidi, na Mwalimu Frednand akamtaja tena mbele ya kundi zima. Bi Yuster alichinja jogoo, akawasifu wote wawili, akiyapima maneno yake kama anayegawa nyama kwa watoto wagomvi. Deodata aliliona hilo, akamhurumia.

Lakini kidonda kilikuwa bado pale. Alikisikia kikitoneka wakati Ansbert, aliyekuwa amerudi safari, anamwinua mkewe juu mbele ya watu. Speciosa alipomfuata jikoni na sahani, Deodata alikuwa anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wifi, mbona umejificha?"

"Leo nina wivu nawe," Deodata alisema. "Mwingi. Niache kwanza mpaka jioni."

Speciosa alimwangalia, kisha akacheka, kicheko chake cha zamani cha kumenya mihogo.

"Haya," alisema, akamwekea sahani ya nyama pembeni. "Jioni nitakuja. Kozi ya pili imeshafunguliwa, na kuna mahali sielewi."

"Mahali gani?" Deodata aliuliza haraka mno, na wote wawili wakalisikia.

"Jioni," Speciosa alisema, akatoka.