Jirani wa Mzee Uweso

Siku hiyo Zuwena alikuja kituoni na nia moja tu, kumrudishia Bi Mwanakhamis ufunguo. Kujitolea kumemtosha. Alfajiri anakaanga vitumbua, asubuhi anawasikiliza watu wa mtaa wa Makorora mpaka masikio yanaomba likizo, jioni anarudi nyumbani hana hata sauti ya kumgombeza paka.

Kituo chenyewe cha ushauri ni chumba kimoja kilichokuwa saluni ya kiume. Kinyozi alihama, kioo kikabaki ukutani, kwa hiyo kila anayekuja kuuliza cheti cha kuzaliwa kinafuatwa wapi, au mume asiyetoa matumizi anashtakiwa kwa nani, huuliza huku akijitazama na kuweka kofia sawa.

Ajabu ni kwamba Makorora hakuna mwenye shida. Wenye shida ni majirani. "Nina jirani yangu," ndivyo kila mtu anavyoanza. Zuwena humshauri jirani, jirani akapona, na heshima ya mtu ikabaki palepale. Wote wanajua jirani ni nani, hakuna anayesema.

Bi Mwanakhamis, mkubwa wa kituo, alikuwa anafagia. Zuwena akatoa ufunguo mkobani.

"Bibi, leo nina neno."

"Kaa nalo kwanza, mwanangu. Mzee Uweso huyo anaingia."

Mzee Uweso, fundi baiskeli, alipokea shikamoo ya Zuwena, akaketi, akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Nina jirani yangu. Usiku halali, kutwa kucha chooni. Na akifika huko, tone tone, kama bomba la mgao."

Siku nyingine Zuwena angeitikia na kumshauri jirani. Leo uchovu ulimtangulia mdomoni.

"Mzee wangu, si umlete huyo jirani mwenyewe?"

Ufagio ukasimama. Bi Mwanakhamis akamtazama kana kwamba amemvua mzee wa watu kikoi hadharani. Mzee Uweso akainuka, akatoka bila kuaga.

Hazikupita dakika nyingi, akarudi anamburura Mzee Massoud, muuza kahawa, dele lingali mkononi.

"Huyu hapa jirani."

"Jirani wa nini?" Massoud akaruka. "Si umeniambia wanagawa vyandarua?"

"Usione haya, Massoud. Hawa watoto wetu. Waambie unavyohangaika usiku."

"Nani, mimi? Mimi nikilala nimelala, hata maulidi yapite dirishani!"

Zuwena alitaka kucheka, lakini akamwona Mzee Uweso bado ameng'ang'ania shati la Massoud, hataki kuliachia. Akamgeukia Massoud.

"Mzee Massoud, pole. Hali hiyo inawapata wanaume wengi wa umri wenu. Mara nyingi ni tezi dume, na matibabu yapo. Kesho asubuhi uende hospitali ukapimwe. Nani atakusindikiza?"

"Mimi," Mzee Uweso akadakia. "Nitakwenda naye mimi."

Massoud akafungua mdomo. Akamtazama rafiki yake kwenye kioo, akamtazama tena, kisha akaweka dele chini taratibu.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Naumwa. Na peke yangu naogopa."

Wakatoka wameshikana mikono. Zuwena akajitupa kwenye kiti cha wenye shida. Kioo kikamwonyesha unga wa vitumbua kwenye nyusi na macho mekundu.

"Ulikuwa na neno," Bi Mwanakhamis akasema.

Angeanzaje kumwambia mwanamke wa miaka sabini, mwenye ufagio mkononi, kwamba yeye ndiye aliyechoka?

"Nina jirani yangu, Bibi," akasema. "Amechoka. Amechoka mpaka leo nusura amuumbue mtu mzima."

Bi Mwanakhamis akaegemeza ufagio, akazunguka meza, akaketi upande wa washauri.

"Mwambie ufunguo aniachie. Akalale. Akipata nguvu atarudi."

"Na asiporudi?"

"Nitamsengenya mtaa mzima."

Zuwena akacheka kicheko cha mtu mgonjwa, akauweka ufunguo mezani. Mlangoni mtu akapiga hodi. Kwa mazoea, Zuwena akainuka.

"Mwambie jirani yako akae," Bi Mwanakhamis akasema, akajifunga mtandio vizuri. "Karibu!"